Bondi ya koleji kwenye kura za Texas: maswali mnayoniuliza kila uchaguzi

Kila ikikaribia Mei au Novemba simu yangu inajaa voisi za watu wakiuliza kitu kilekile, "dada hiyo karatasi ya koleji iliyokuja na posta ni bili au ni nini". Sio bili, ni maelezo ya kura ya bondi ya komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili cha eneo lenu. Nimechoka kujibu mmojammoja saa tano usiku nikitoka shifti, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote. Mimi naishi huku Fort Worth, kwa hiyo mifano mingi ni ya Texas. Ukiwa jimbo lingine wazo ni lilelile ila sheria zinatofautiana, uliza kwenu.

Hii bondi ni kitu gani hasa?

Ni mkopo, basi. Kule nyumbani wengi wetu tumeijua hatifungani ukiwa wewe ndo unaikopesha serikali, Mbongo ananunua za Benki Kuu, Wakenya mnakumbuka M-Akiba ya 2017 ilivyokuwa unaanza na shilingi 3,000 kwenye simu yako. Hapa kibao kimegeuka, koleji ndo inakopa kwa wawekezaji, na mlipaji ni wewe mwenye nyumba kupitia kodi ya majengo, miaka 20 mpaka 30 hivi, na riba juu yake. Na kwa kuwa mlipaji ni wewe, sheria inataka uulizwe kwanza. Ndo hiyo kura. Texas wakipata zaidi ya nusu imepita.

Ikipita haimaanishi hela zote zinakopwa kesho yake. Wanakopa kwa mafungu kadiri ujenzi unavyoenda, na kabla hazijauzwa hizo bondi lazima ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo izikague izipitishe.

Tunaongelea hela kiasi gani?

Nyingi. Dallas, Mei 2019, walipitisha dola bilioni 1.1. Huku kwetu kaunti ya Tarrant, Novemba mwaka huohuo, milioni 825. Austin 2022 milioni 770. San Antonio, zile koleji za Alamo, Mei 2025 milioni 987. Ukizisikia hivi zinatisha lakini zinagawanywa kwa wenye majengo wa eneo zima la koleji, pamoja na maduka, viwanda, maghala na yale maghorofa ya mjini, kwa miaka mingi.

Kwa nini serikali isijenge yenyewe, si tunakatwa kodi?

Swali zuri na jibu lake ndo mzizi wa yote. Komyuniti koleji za Texas zinakula sehemu tatu: hela ya jimbo, ada za wanafunzi, na kodi ya majengo ya eneo lake. Ile ya jimbo inasaidia masomo, majengo ni mzigo wenu wenyewe watu wa hapo. Tena Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara, na kila aliyehama kutoka California au Minnesota anajisifia hilo mpaka siku anapoona kodi ya nyumba aliyonunua, hapo ndo anakaa kimya, maana hela lazima itoke mahali.

Wazee wa Kikenya niliowaelezea walisema "kumbe ni harambee". Kidogo ndiyo. Ila kwenye harambee unatoa ulichonacho na jina lako linasomwa kwenye kipaza sauti. Hapa hakuna anayekusoma jina, na ukiwa na nyumba huwezi kusema mwezi huu sina.

Kodi ya nyumba yangu itapanda?

Kwanza tuelewane lugha maana hapa ndo tunapogombana kila siku kwenye grupu. Mtu akisema "kodi ya nyumba" mwingine anasikia hela anayompa mwenye nyumba kila mwezi, mwingine anasikia kodi ya serikali. Mimi nitasema kodi ya pango kwa ile ya kupanga, na kodi ya majengo kwa ile ya serikali, ile ambayo Tanzania tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme. Huku haikatwi kwenye umeme, ingekuwa hivyo tungekaa giza, maana hapa ni maelfu ya dola kwa mwaka.

Sasa hesabu. Kodi ya majengo hapa inahesabiwa kwa senti kwenye kila dola 100 za thamani ya nyumba. Wakikwambia bondi itaongeza senti moja, chukua thamani ya nyumba yako, tuseme 300,000, gawa kwa 100 unapata 3,000, mara senti moja ni dola 30 kwa mwaka. Mbili na nusu kwa mwezi. Kama ni senti mbili, dola 60. Hesabu ni hiyohiyo, usikubali mtu akutishie kwa mabilioni wala mwingine akulainishie kwa kusema ni bei ya kahawa, kaa chini piga mwenyewe kwa nyumba yako.

Na tangu 2019 sheria ya Texas inawalazimisha watoe karatasi yenye mkopo wenyewe ni kiasi gani, riba inakadiriwa kufika wapi, na nyumba ya kuishi yenye thamani ya 100,000 itaongezewa kiasi gani kwa mwaka. Ndo hiyo karatasi ya kutafuta, sio yale mabango ya barabarani. Wengi wanasoma hela ya mkopo tu wanaruka riba, wakati riba ya miaka 25 sio kitu kidogo, aliyewahi kukopa nyumba anajua.

Kingine ambacho watu hawaunganishi: ukiwa na mogeji (mkopo wa nyumba), kodi ya majengo inalipwa humohumo kupitia eskro, ile akaunti ya benki inayokutunzia hela ya kodi. Kwa hiyo hutaona bili imeandikwa koleji, utaona tu malipo ya mwezi yamepanda Februari halafu unaanza kugombana na benki ya watu. Fungua karatasi ya kodi uone mistari: kaunti, jiji, shule, hospitali, koleji. Mstari wa shule ndo jini lenyewe, wa koleji ni mdogo ukiulinganisha.

Wanasema "kiwango cha kodi hakitapanda". Ni kweli au ni maneno ya uchaguzi?

Inaweza kuwa kweli kabisa na bado ukalipa zaidi. Sikiliza vizuri.

Chukua San Antonio. Kiwango cha Alamo kimekaa dola 0.14915 kwa kila dola 100 zaidi ya miaka kumi, na bondi ya 2025 iliombwa bila kupandisha kiwango. Sawa. Lakini nyumba iliyopimwa 250,000 kwa kiwango hicho inalipa koleji kama dola 373 kwa mwaka bila mapunguzo, ikipimwa 300,000 inalipa 447. Kiwango kilekile, hela imeongezeka dola 74. Kilichopanda ni thamani ya nyumba.

Halafu kuna upande wa pili ambao hausemwi sana, deni la zamani likiisha kiwango kingeweza kushuka. Wakikopa tena nafasi ile inajazwa, kwa hiyo "hakitapanda" maana yake pia ni "hakitashuka". Sio kwamba wanadanganya, hapana, ila ni kama yule fundi anayekwambia bei ni ileile ya mwaka jana wakati mwaka jana ulikuwa umelipia na rangi.

Kama nyumba unaishi mwenyewe hakikisha umejaza lile punguzo la nyumba ya kuishi kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti. Ni bure, fomu moja, na thamani ya kutozwa kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nimekutana na familia imekaa kwenye nyumba miaka sita haijajaza. Miaka sita jamani! Na ukitumiwa barua na kampuni inataka dola 50 ikujazie, chana.

Mimi nimepanga tu apatimenti, inanihusu nini?

Mwenye apatimenti analipa kodi ya majengo, unadhani anaitoa kwenye mshahara wa mkewe? Iko ndani ya pango lako. Hakuna atakayekutumia karatasi ya mchanganuo lakini ipo. Na ukiwa raia umejiandikisha, mpangaji na mwenye nyumba kura zao zina uzito uleule.

Hizo hela si wataongeza walimu na kushusha ada?

Hapana, na hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Hela ya bondi ni ya vitu vya kudumu: ardhi, majengo, kukarabati, maabara, mitambo. Mishahara hairuhusiwi. Kwa hiyo ukiambiwa "tutafungua jengo jipya la unesi" uliza pia walimu watatoka wapi. Dada zetu wengi wameanza na CNA (msaidizi wa nesi) wakataka kusonga mbele mpaka RN (nesi aliyesajiliwa) wakakuta foleni, na ile foleni sio ya vyumba peke yake, ni walimu na nafasi za mazoezi hospitalini. Jengo linasaidia ila halimalizi.

Upande wa pili, ufundi wa magari, uchomeleaji, viyoyozi, umeme, huko karakana ndo kila kitu. Darasa la uchomeleaji likiwa na vibanda 15 wanasoma watu 15, hamna ujanja wa kubanana kama daladala.

Kwa hiyo mimi nafaidikaje kulipa hii kodi?

Ada. Kuishi ndani ya eneo linalotozwa kodi ya koleji kunakupa bei ya ndani. Mfano mmoja: Dallas College mwaka 2020 iliweka dola 79 kwa saa moja ya masomo (ile krediti, sio saa ya ukutani) kwa mkazi wa kaunti, vitabu vikiwemo, na 135 kwa wa kaunti nyingine za Texas. Digrii ya miaka miwili ni kama saa 60, kwa hiyo wa ndani 4,740, wa nje 8,100. Tofauti 3,360 kwa kuvuka mpaka wa kaunti tu. Bei zinabadilika, angalia za sasa, lakini pengo huwa lipo.

Kuna miji imeomba yenyewe kuingizwa kwenye eneo la kodi kwa sababu hiyohiyo, Round Rock kule juu ya Austin walipiga kura 2008, kampasi ikafunguliwa 2010.

Na usisahau madarasa ya Kiingereza. Wakongo wengi wa huku na wa Vickery Meadow kule Dallas mlango wa kwanza wa chuo Marekani ulikuwa darasa la Kiingereza la jioni kwenye koleji.

Nani anaruhusiwa kupiga kura?

RAIA. Tu. Nimeandika kwa herufi kubwa sio kwa bahati mbaya.

Uwe raia wa Marekani, miaka 18 siku ya kura, unaishi kwenye eneo la hiyo koleji, na umejiandikisha siku 30 kabla. Mwenye grini kadi HARUHUSIWI hata kama nyumba ni yake, hata kama analipa kodi kuliko jirani yake raia, hata kama mtoto wake anasoma hapohapo. Inauma, najua. Lakini kupiga kura bila uraia ni jinai, na fomu ya kuomba uraia inakuuliza wazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, kwa hiyo kosa la dakika tano linaweza kukuharibia miaka yako yote ya kusubiri. Ukiwa unachukua leseni mtu akakuuliza "unataka kujiandikisha kupiga kura" na wewe sio raia, jibu ni hapana, usitingishe kichwa tu kwa adabu kama tulivyozoea.

Usipokuwa raia bado una mdomo. Mikutano ya bodi ya koleji iko wazi na kuna muda wa wananchi kuongea, hamna anayekuuliza pasipoti. Watu wetu hawaendi, halafu tunalalamika mbona kampasi yetu haina basi.

Nimekula kiapo cha uraia juzi, najiandikishaje?

Texas hakuna kujiandikisha moja kwa moja kwenye mtandao kama majimbo mengine. Unajaza karatasi, unasaini, unaituma kwa posta au unampa mwandikishaji aliyeapishwa. Usingoje wiki ya mwisho.

Kitambulisho cha siku ya kura: leseni ya Texas, ID ya Texas, pasipoti ya Marekani, au cheti chako cha uraia chenye picha. Leseni ikiwa imeisha chini ya miaka minne inakubalika. Kitambulisho cha chuo hakikubaliki, na hapa nacheka kila mara, unaenda kupigia chuo kura na kadi ya chuo hawaitaki.

Mama yangu ni raia lakini Kiingereza hasomi. Aache?

Asiache! Kiswahili hakimo kwenye lugha za karatasi za kura, Tarrant kuna Kihispania na Kivietinamu juu ya Kiingereza. Lakini sheria ya nchi inamruhusu mtu asiyeweza kusoma karatasi aingie na msaidizi anayemtaka yeye, ilimradi sio bosi wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi anajaza fomu na kula kiapo, kisha anamsomea na kumsaidia kuweka alama anayotaka mama. Anayotaka MAMA, sio unayotaka wewe mwanangu.

Simu haziruhusiwi ndani ya futi 100 za vituo vya kupigia, kwa hiyo tafsiri uliyoiweka WhatsApp haitakusaidia, andika kwenye karatasi.

Hilo swali la bondi liko wapi kwenye karatasi ya kura?

Chini kabisa. Kura yangu ya kwanza kama raia ilikuwa Novemba 2019, nimevaa kabisa gauni la kitenge, nafika nakuta maswali kumi ya katiba ya jimbo, Kiingereza cha wanasheria, nasoma la kwanza, la pili, la tano kichwa kinauma, nikifika kwenye koleji ya milioni 825 nimeshachoka nikabonyeza tu. Mpaka leo sina uhakika nilibonyeza wapi. Ndo maana naandika haya.

Utaona herufi, Propozisheni A au namba, halafu sentensi moja ndefu isiyo na nukta, na chaguo mbili, kuunga au kupinga. Ukitaka kuiona kabla, tovuti ya uchaguzi ya kaunti inaweka mfano wa karatasi yako. Chapisha, soma nyumbani na chai yako, weka alama, ingia nayo.

Na za Mei ndo ziangalie zaidi maana watu wanaojitokeza ni wachache. Hakuna rais hakuna gavana, unakuta bondi ya mamia ya mamilioni inaamuliwa na wastaafu na watu wa koleji wenyewe. Kuna kura za mapema pia, unaweza kwenda siku yako ya mapumziko, hamna foleni.

Kuna bondi imewahi kukataliwa?

Ipo. Lone Star College, kaskazini ya Houston, Mei 2013 waliomba dola milioni 497.7 wakaangushwa. Wakarudi Novemba 2014 na milioni 485, ikapita. Kwa hiyo kukataa sio kufunga chuo, ni kuwaambia rudini mjipange, na huwa wanarudi kweli. Gharama yake ni kwamba bei za ujenzi hazikusubiri.

Nani anahakikisha hela haziliwi?

Najua hili swali linatoka wapi, tumetoka kwetu na makovu. California, komyuniti koleji nyingi zinaomba kwa utaratibu wa 2000 ambapo kura lazima zifike asilimia 55 na lazima kuwe na kamati ya raia ya kufuatilia matumizi. Na hata hivyo gazeti la Los Angeles Times mwaka 2011 liliandika mfululizo mzima kuhusu ufujaji kwenye ujenzi wa koleji za Los Angeles, mradi wa mabilioni. Kwa hiyo kamati peke yake sio dawa.

Texas inatosha kuzidi nusu tu na kamati ya raia sio lazima kisheria, kuna koleji zinaiunda kwa hiari. Wanaobeba lawama ni bodi ya wadhamini, ambao unawapigia kura na hawalipwi mshahara. Uliza mambo mawili tu: orodha ya miradi iko wapi, na ile bondi iliyopita walimaliza nini. Austin kwa mfano 2014 walipitisha milioni 386, sehemu ikaenda kugeuza Highland Mall, mall iliyokuwa imekufa, kuwa kampasi. Ukienda leo unaiona kwa macho. Huku kwetu pita kampasi ya Northwest uangalie majengo mapya. Majengo hayo yanachukua miaka mitano, saba, kwa hiyo kama unapiga kura kwa ajili ya mtoto aliye darasa la 12, atamaliza kabla rangi haijakauka. Fikiria wa darasa la sita.

Mbona koleji yenyewe haituambii tupige ndiyo?

Hairuhusiwi. Hela ya umma haitumiki kukushawishi, wanatoa maelezo tu. Ukiona bango limeandikwa "piga ndiyo" au "kataa" limelipiwa na kundi la kampeni, soma maandishi madogo chini uone nani.

Na wewe dada utapiga nini?

Inategemea orodha. Mimi ni zao la hizo koleji, nilianza na darasa la jioni na mtoto mgongoni, kwa hiyo moyo wangu uko huko sifichi. Lakini kuna moja niliwahi kuipinga, nilisoma orodha nikakuta ofisi za utawala ziko juu na karakana ziko mwisho. Mume wangu aliunga mkono, tukafuta kura zetu nyumba moja.

Nikiliacha hilo swali wazi, kura zangu nyingine zinaharibika?

Haziharibiki. Zile ulizojaza zinahesabiwa, na swali la koleji linaamuliwa na waliolijibu.